Idi ya Ijumaa

Suad Abdulwakil aliamka Alhamisi ile akiwa na hakika kwamba kesi ameishika mkononi. Hilo peke yake lingetosha kumtia wasiwasi. Miaka kumi na sita ya kupekua madai ya bima ilikuwa imemfundisha kwamba siku unayojiona mjuzi ndiyo siku ya kuangalia unapokanyaga. Lakini muda uliobaki ulikuwa siku moja na nusu, na binadamu akibanwa hushika lililo karibu.

Ndani ya treni ya kwenda Hounslow alifungua jalada mapajani na kulipitia tena toka mwanzo.

Kesi yenyewe ilikuwa ya goti. Bensham Athletic, timu ya daraja la saba yenye uwanja wake Thornton Heath, jukwaa moja la mabati na kibanda cha chai, mwezi wa Machi ilimnunua mshambuliaji kwa pauni elfu tisini. Kwa timu ambayo wachezaji wake wanaendesha malori Jumatatu na kufunga mabao Jumamosi, hizo ni fedha za wendawazimu. Lakini walikuwa nafasi ya pili, zimebaki mechi tano, na mtu aliyekaribia kilele haambiwi kitu akasikia. Mshambuliaji huyo, Asad Sultan, alicheza dakika ishirini. Hakuguswa na mtu. Aligeuka kuufuata mpira, goti likabaki lilipokuwa. Daktari aliyempasua alisema goti lile lilikuwa limeharibika kwa muda usiopungua miaka miwili. Timu haikupanda daraja. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: mishahara ya Aprili na Mei haikutoka, na sasa ligi ilitaka kuthibitishiwa, kabla ya saa kumi na moja jioni kesho Ijumaa, kwamba klabu ina uwezo wa kuumaliza msimu ujao. La sivyo itafutwa.

Fedha za Asad zilikuwa za mkopo. Aliyekopa ni katibu wa klabu, Elkana Wekesa, fundi umeme kutoka Bungoma aliyeingia Bensham miaka kumi na tisa iliyopita kuwasaidia kutengeneza taa moja ya uwanjani, na hakutoka tena. Aliweka nyumba yake rehani. Klabu ikifutwa, mkopeshaji anaichukua nyumba, na Elkana, mkewe Priscilla na watoto wao watatu, Emma na wadogo zake wawili, wanatoka nje na mizigo yao.

Ulikuwa umebaki mlango mmoja. Usajili wa Asad ulikatiwa bima, na kampuni ilisema kwamba mchunguzi wa nje akithibitisha kuwa klabu ilidanganywa kwenye vipimo vya afya, itaandika barua ya kukubali kulipa. Barua tu ingeitosha ligi, na ingemtuliza mkopeshaji. Ndiyo maana Elkana alimwajiri Suad, na ndiyo maana kwa wiki mbili Suad hakugusa kazi nyingine.

Alikuwa na nini mkononi? Kwanza, ripoti ya zahanati ya Kingsbury iliyompima Asad kabla ya kusajiliwa, nakala ya kurasa mbili kutoka jalada la klabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa moyo, damu na uzito. Wa pili ulikuwa wa goti, na goti limeandikwa kuwa zima. Kando ya kila kipimo kulikuwa na alama ndogo ya vema kwa kalamu ya buluu, na chini kabisa saa kwa tarakimu nne, 0640, kama waandikavyo watu wa hospitali. Tarehe ya vipimo ilikuwa ya Ijumaa. Pili, kauli ya Asad mwenyewe kwa simu: alipimwa siku moja kabla ya Idi, na siku ya Idi alishinda kwa shangazi yake Hounslow. Na Idi ilikuwa Ijumaa. Tatu, na hili ndilo lililomfanya Suad aipige meza kwa kiganja alipoliona, ni mstari wa muuguzi kwenye ukurasa wa kwanza: mchezaji amepewa maji, amekataa, amesema amefunga.

Hakuna Mwislamu anayefunga siku ya Idi. Ni haramu, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Kwa hiyo aliyepimwa Ijumaa hakuwa Asad. Asad alipimwa Alhamisi, goti likaonekana bovu, na kesho yake wakala wa timu iliyomuuza, mwanamke aitwaye Armelle, akampeleka mtu mwingine mwenye goti zima, akamfundisha kujifanya Mwislamu, na mtu huyo akazidisha chumvi. Suad alikwisha yaandika hayo kwenye ripoti ya awali na kuyapeleka kwa kampuni ya bima Jumanne. Walimjibu kwamba hoja ina nguvu, ila wanataka vitu viwili: saini ya shangazi, na rekodi ya zahanati yenyewe, ambayo haikutolewa mpaka Asad alipotia saini ya ridhaa jana.

Bi Ibtisam, shangazi wa Asad, alikuwa mama wa Kipemba mwenye miaka kama hamsini na nane. Alifanya kazi uwanja wa ndege, kwenye jengo wanalokunja mablanketi ya abiria. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege, na wakazi wa mtaa ule walikuwa wamezoea kukata maneno katikati, kuingoja ndege ipite, kisha kuendelea palepale walipoachia. Suad alimwamkia, akakaribishwa chai ya maziwa na visheti, akaulizwa habari za mama yake kana kwamba wanajuana. Alipoona adabu imetosha alitoa karatasi. Ilikuwa fupi: siku ya Idi, Ijumaa, Asad alikuwa nyumbani kwangu toka saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku.

Bi Ibtisam alivaa miwani, akasoma polepole huku kidole kikifuata mistari, akarudi juu akasoma tena. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Aliiweka chini.

"Hapa pana makosa, mwanangu. Ijumaa mie nilikuwa kazini."

"Ijumaa ya Idi, Bi Ibtisam."

"Ya Idi yenu. Sie..." Ndege ikaja. Vikombe vikatetemeka kwenye sinia, na Suad alikaa akiutazama mdomo wa yule mama uliofungwa, akijua tayari litakalotoka na akiomba lisitoke. "Sie tumeswali Jumamosi. Nyumba hii inafuata mwezi wa nyumbani. Ijumaa tulikuwa tumefunga, ndiyo thalathini yetu ya Ramadhani. Asad kaja hapa magharibi kufuturu, na kiplasta hapa mkononi. Nikamuuliza, akaniambia katoka kupimwa."

Suad alimuuliza kama ana hakika. Bi Ibtisam alimwita bintiye Siham, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake. Siham alizaliwa hospitali ya hapohapo Hounslow. Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alisema mama yuko sawa, akatafuta kwenye simu, akamnyooshea Suad picha. Asad alikuwa ameshika tende, sahani ya sambusa mbele yake, kiplasta cheupe kwenye kiwiko. Juu ya picha simu ilikuwa imeandika Ijumaa, saa kumi na mbili na robo jioni.

Aibu ilimpanda Suad hadi masikioni. Kama kuna mtu mmoja London nzima asiyestahili kufanya kosa lile, ni yeye. Mama yake, aliyekaa Kilburn, huswali na wanaofuata tangazo la Makka. Kaka yake hungoja mwezi uonekane, na kila mwaka wawili hao hugombana kwa simu kuanzia mwezi ishirini na nane. Mwaka huu Suad alikula pilau ya Idi mara mbili, Ijumaa kwa mama na Jumamosi kwa kaka, na bado alimuuliza shahidi siku ya Idi ulikuwa wapi, badala ya kumuuliza tarehe. Aliuliza kama mtu wa nyumbani aliyekwisha kuswali. Mpelelezi wa Kizungu, asiyejua Idi ni nini, angeuliza tarehe na kuipata.

Aliichukua karatasi yake bila saini, akashukuru, akafungiwa visheti kwenye mfuko wa plastiki, na hakuweza kuvikataa.

Alibadilisha treni Green Park akiwa hajui kama amebadilisha. Aliyepimwa Ijumaa alikuwa Asad, tena akiwa amefunga kihalali siku ya thalathini. Hakukuwa na mtu wa pili, hakukuwa na Alhamisi. Basi ikawaje goti lililoharibika miaka miwili likaandikwa zima? Tumaini lilikuwa limebaki dogo, na alilishikilia kama mtu anavyoshikilia bomba la treni ikipiga breki: labda zahanati ilikosea. Mtaalamu alichoka, akasoma picha ya mgonjwa mwingine. Zahanati nazo zina bima zao. Fedha zingerudi kwa mlango huo, na nyumba ya Elkana ingesalimika.

Msimamizi wa rekodi pale Kingsbury aliitwa Deepa. Zahanati ilikuwa juu ya duka la sari, na harufu ya bizari kutoka mgahawa wa pili ilipanda ngazi pamoja na wateja. Deepa alisoma barua ya ridhaa ya Asad neno kwa neno, akalinganisha saini na ile iliyomo kwenye kompyuta, akataka kitambulisho cha Suad, akakipiga picha. Alisema samahani kwa usumbufu huo. Suad alimwambia asiombe samahani, kwa kuwa laiti na yeye angefanya kazi yake hivyo. Kisha mashine ikatoa kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa uleule: moyo, damu, uzito, maji yaliyokataliwa. Ila haukuwa na alama za vema. Wa pili haukufanana na wa klabu hata kidogo. Gegedu limelika. Kano la mbele limechanika zamani na halikuunga. Hitimisho lilikuwa mstari mmoja: hatushauri mchezaji huyu asajiliwe.

Suad aliusoma ukiwa umelala mezani, kisha akaweka wa klabu kando yake.

Aliuliza alama za vema za kalamu ya buluu huwekwa na nani. Deepa aliitazama nakala ya klabu, akatikisa kichwa. Pale hakuna anayeandika kwa kalamu, kila kitu kinatoka kwenye mashine, na saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi zahanati imefungwa. Akauliza ripoti ilipelekwa kwa nani. Kwa aliyelipia, alijibu Deepa, katibu wa klabu, kwa barua pepe, Ijumaa saa kumi na dakika arobaini jioni. Hakupelekewa mwingine. Na kwa kuwa matokeo yalikuwa mabaya, utaratibu wao ni kupiga simu pia. Alipiga yeye mwenyewe.

"Alisemaje?" Suad aliuliza.

Deepa alifikiri. Mama yake alizaliwa Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini alikitumia, labda kwa kuona uso wa mwenzake.

"Yeye nauliza moja tu: nani ingine napata hii?" "Pole, dada."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema nini humpata anayeficha maradhi ya goti la mtu mwingine. Ndani ya treni ya kwenda Thornton Heath Suad aliweka kurasa nne juu ya paja, mbili za kweli na mbili za klabu, na swali lililomsumbua halikuwa tena nani. Lilikuwa kwa nini. Mwenyekiti wa klabu alikuwa mfanyabiashara asiyesoma karatasi yoyote isipokuwa msimamo wa ligi. Ligi haiombi ripoti za magoti. Kampuni ya bima iliomba baadaye, mkataba ulipokwisha fungwa. Ijumaa ile Elkana angeweza kuitia ripoti kwenye droo, akasema Asad amepita, na asingeulizwa na mtu. Badala yake alikaa akaandika ukurasa mzima mpya, kwa herufi zilezile na chapa ileile. Ni nani aliyemlazimisha kuwa na karatasi?

Akaziangalia tena zile alama za vema, moja moja, na ile 0640 chini. Saa ya mtu anayetoka shifti ya usiku. Priscilla, mke wa Elkana, alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa. Suad alilifunga jalada, akageukia dirisha, na hakulifungua tena mpaka alipofika.

Ofisi ya Bensham ilikuwa chini ya jukwaa, chumba chenye meza moja, birika, na picha za vikosi toka miaka ambayo makipa walivaa kofia. Elkana alisimama alipomwona. Alikuwa amepungua katika wiki mbili hizo, shati lilikuwa la mtu mwingine mnene. Alikuwa amekwisha piga chapa ile barua ya kwenda ligi, imebaki pengo la kutaja barua ya bima.

"Ameweka saini?"

Suad alieleza. Alianza na kosa lake mwenyewe, kwa sababu aliona ni haki: Idi mbili, Ijumaa na Jumamosi, na jinsi alivyozifanya moja. Kisha akaweka ukurasa wa pili wa kweli juu ya meza, na pembeni yake wa klabu, na kuulizana kukaisha hapo. Elkana alikaa. Hakukana, na Suad alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

"Mechi tano," Elkana alisema. "Nilikuwa natafuta goti ya mechi tano tu. Tungepanda, pesa ya daraja la juu ingelipa kila kitu. Kuna watu wamekuja hapa kila Jumamosi miaka hamsini, Suad. Ningewaambia nini?"

"Lakini kwa nini uliandika ukurasa mwingine? Hakuna aliyekuuliza."

"Kuna mtu aliuliza." Aliitazama ile 0640. "Nyumba iko kwa majina yetu wawili. Priscilla alisema hawezi kusaini mkopo mpaka asome hiyo goti mwenyewe, maana ndiyo kazi yake. Nikampatia Jumamosi asubuhi akitoka kazini. Alisoma amesimama, hata koti hajavua. Jumatatu akasaini."

Nje kulikuwa na mtu anakata nyasi za uwanja, mfanyakazi wa kujitolea ambaye hakuwa amelipwa tangu azaliwe. Mashine ilikuja karibu, ikaenda mbali. Elkana alijiegemeza mbele, na sauti yake ikashuka.

"Hiyo Idi," alisema. "Si uiache tu Ijumaa? Umeshaiandika. Wameshaikubali. Hawa watu wa bima hawajui mambo ya mwezi, hakuna mtu atauliza. Suad, nakuomba. Si kwa ajili yangu."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulioumiza. Hakuna ambaye angeuliza. Maelezo ya Asad kwa simu, yaliyoandikwa kama alivyoyapokea wiki iliyopita, yangetosha. Saini ya shangazi na rekodi ya zahanati angeweza kusema zimechelewa. Kosa lilikuwa lake, la bahati mbaya, na lilikuwa na uwezo wa kuokoa klabu na nyumba yenye watoto watatu. Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Suad aliliwaza jambo hilo, na asije mtu akasema hakuliwaza. Aliliwaza muda wa kutosha mashine ya nyasi kwenda na kurudi. Halafu akamwona Armelle, ambaye hawajawahi kuonana, akiitwa tapeli kwa jambo asilolifanya, na Asad akiwa kitandani na chuma gotini akiitwa shahidi wa uongo kwa sababu alisema kweli kuhusu siku yake ya Idi.

Alimwambia Elkana kwamba hawezi. Kesho saa tatu asubuhi ataituma ripoti sahihi, yenye kurasa zote. Alimpa usiku ule mmoja, asiseme hakupewa, ili Priscilla asiyasikie kwa Suad wala kwa watu wa bima.

"Nitamwambia leo," Elkana alisema. "Akitoka shifti."

Lakini Priscilla hakuwa anatoka shifti, alikuwa anakwenda. Mlango ulisukumwa kwa kiwiko, akaingia na sare yake ya buluu, bakuli la chapati na ndengu mkononi, kama alivyompitishia mumewe chakula kila alipokuwa na zamu ya usiku. Alimkaribisha Suad kana kwamba ofisi ni yake, akamuuliza Elkana mbona mgeni hana hata chai. Akatafuta pa kuweka bakuli mezani, na meza ilikuwa imejaa karatasi.

Elkana alinyoosha mkono kuzikusanya, akachelewa. Priscilla aliuona kwanza ukurasa wenye alama zake, akatabasamu kidogo kwa kuutambua. Kisha akauona wa pembeni. Alimwachia Suad bakuli, akaunyanyua, na mkono wake wa kulia, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukachomoa kalamu ya buluu kutoka mfuko wa kifuani.

Alianza kusoma kutoka juu. Kalamu ilishuka mstari kwa mstari kando ya karatasi, ikisimama kwenye kila kipimo, bila kugusa. Elkana alisema jina lake mara moja, na yeye hakuinua macho. Ilipofika kwenye mstari wa mwisho kalamu ilikaa pale muda mrefu. Kisha akairudisha mfukoni, akaiweka karatasi juu ya ile nyingine, akazisawazisha pembe.

"Wanatutoa lini?" aliuliza. "Emma anaanza mitihani Jumatatu."